Usisubiri Hukumu ya Jinai: Mwongozo Kamili wa Kudai Fidia kwa Aliyekutendea Uhalifu Kabla Muda Haujakuishia

Ujumbe ninaoupokea mara kwa mara huwa hivi: "Aliyenikata panga amefungwa. Nimefungua kesi ya kudai fidia, mahakama imeitupa ikisema nimechelewa. Nimechelewaje wakati hukumu imetoka majuzi tu?"

Wanaoniandikia hivi si wazembe. Walihudhuria kesi ya jinai kila ilipotajwa, wakatoa ushahidi, wakanyamaza wakiamini kwamba lazima jinai iishe ndipo madai yaanze. Hakuna sheria inayosema hivyo. Muda wa kudai fidia huanza kuhesabiwa siku ulipoumizwa, na unaendelea kwenda wakati upelelezi "haujakamilika", wakati hakimu yuko likizo, wakati shahidi wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, hajafika.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, ambako muda wa kufungua kesi za madai umepangwa na Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Zanzibar ina sheria yake, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba asizitumie tarehe za hapa. Namba za vifungu nilizotaja ni za Toleo la 2019. Lipo sasa Toleo la 2023, basi linganisha namba kabla ya kuziandika kwenye karatasi ya mahakama.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kusanya hivi hata kama hujaamua kushtaki:

- Namba ya RB (kumbukumbu ya taarifa yako polisi) na jina la kituo ulikoripoti.
- Nakala ya PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) iliyojazwa na daktari. Kama fomu yenyewe iko kwenye jalada la polisi, omba nakala mapema. Jalada likishahamia mahakamani utazunguka sana.
- Cheti cha hospitali, picha za eksirei, risiti za dawa, za matibabu na za usafiri.
- Uthibitisho wa kipato: hati za mshahara, daftari la mauzo, taarifa za miamala ya simu.
- Namba ya kesi ya jinai na jina la mahakama.
- Jina kamili la mhusika, anapoishi, na anapofanya kazi au gereza alipo.
- Majina na simu za walioona tukio.
- Kalenda na kalamu nyekundu. Sitanii, utaona kazi yake katika hatua ya pili.

Risiti za usafiri watu huzitupa. Zitunze. Nauli ya bodaboda kwenda kliniki mara thelathini ni fedha inayodaika, lakini mahakama haitaikubali kwa maneno matupu.

## Hatua ya 1: Jua dai lako ni la aina gani

Muda hutegemea aina ya dai. Ukubwa wa uchungu wako hauhesabiwi. Jedwali la sheria ni refu, ila mwathirika wa uhalifu hukutana zaidi na haya:

Miaka 3. Madai ya fidia yatokanayo na madhara uliyotendewa nje ya mkataba. Humu mnaingia kupigwa, kukatwa, kubakwa, kugongwa na gari, kuharibiwa mali, kuchukuliwa mali, na utapeli. Kesi nyingi za waathirika ziko hapa.

Miaka 6. Madai yatokanayo na mkataba. Mfano ni fundi uliyemlipa kwa makubaliano akatoweka na fedha. Huenda polisi wanamshtaki kwa kujipatia fedha kwa udanganyifu, lakini kwa upande wako kuna pia mkataba uliovunjwa. Dai moja likiwa na sura mbili, wakili anaweza kukuchagulia ile yenye muda mrefu.

Miaka 12. Kudai ardhi yenyewe irudi mikononi mwako. Angalia tofauti: ukidai kiwanja, ni miaka 12, ukidai fidia kwa sababu ulitapeliwa katika kuuziwa kiwanja, unarudi kwenye 3.

Mwaka 1. Fidia kwa kitendo kilichofanywa, au kilichoachwa kufanywa, kwa kile kinachodaiwa kuwa ni utekelezaji wa sheria. Hapa ndipo wanapoangukia wengi walioumizwa na maofisa wakati wa kukamatwa au operesheni. Wakili anaweza kubishana kwamba kipigo si utekelezaji wa sheria yoyote, hivyo kina miaka 3. Ni hoja nzuri, lakini usiiwekee dhamana kesi yako. Hesabu mwaka mmoja.

*Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja:* "Nadai fidia ya madhara ya mwili, miaka mitatu."

## Hatua ya 2: Andika siku ya mwisho kwenye kalenda

Hesabu inaanza siku haki yako ya kudai ilipozaliwa. Kwa kipigo au ajali, ni siku ya tukio. Siku yenyewe haihesabiwi, unaanza kesho yake.

Chukua mfano wa kubuni. Neema, muuza chakula wa Tandika, alijeruhiwa kwa panga tarehe 14 Machi 2022. Hesabu yake inaanza 15 Machi 2022 na inaisha 14 Machi 2025, siku ya Ijumaa. Kesi ya jinai ikaenda polepole, hukumu ikasomwa 20 Novemba 2024, mshtakiwa akatiwa hatiani. Siku hiyo Neema alikuwa bado na karibu miezi minne. Akasubiri nakala ya hukumu. Kisha akaambiwa mfungwa amekata rufaa, akaona asubiri na hiyo. Akafungua kesi ya madai 2 Juni 2025. Upande wa pili uliweka pingamizi la awali (hoja ya kutaka kesi itupwe kabla ya kusikilizwa) la ukurasa mmoja, na kesi ikatupwa. Alikuwa amechelewa siku 80.

Kifungu cha 3 cha sheria hii ni kikali: kesi iliyofunguliwa nje ya muda itatupwa hata kama mdaiwa mwenyewe hakulalamika. Maana yake, ukimya wa mdaiwa haukuponyi. Hakimu akigundua mwenyewe, inatosha. Na kesi iliyotupwa kwa ukomo huwezi kuirekebisha na kuirudisha, tofauti na ile iliyoondolewa mahakamani kwa kasoro ya karatasi. Mawakili wa hapa wana msemo wao kwamba sheria ya ukomo ni upanga usio na huruma, na nimeona ukikata watu wenye ushahidi usiopingika.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Andika tarehe ya tukio.
2. Ongeza miaka inayohusika. Tarehe ileile ya mwaka huo wa mwisho ndiyo siku yako ya mwisho. Izungushie kalamu nyekundu.
3. Rudi nyuma miezi mitatu, uzungushie tena. Hiyo ndiyo siku yako halisi ya mwisho. Miezi mitatu ile ni ya mtandao kukwama, wakili kuugua, na nyaraka kurudishwa na karani.

Tahadhari: haya hayasimamishi muda. Barua ya madai ya wakili. Kikao cha wazee. Shauri kwa mtendaji wa mtaa au baraza la kata. Ahadi za mdomo za "tutayamaliza nyumbani". Kumkosa mhusika kwenye simu. Kifungo gerezani pia hakisimamishi, kwa sababu mfungwa anashtakika kama mtu mwingine. Wito wake hupelekwa kwa mkuu wa gereza, naye humkabidhi.

Hili la vikao vya ukoo niliseme wazi kidogo. Upande wa mkosaji mara nyingi haukatai kulipa. Unaomba muda. Mavuno kwanza, halafu msiba, halafu ada za shule. Wapo wanaoomba muda kwa nia safi. Wapo pia waliokwisha kuambiwa na wakili kwamba miaka mitatu ikipita wako huru. Huwezi kuwatofautisha kwa sura zao.

Mkikubaliana kweli, yaandikwe: kiasi, tarehe za kulipa, sahihi za pande zote, mashahidi. Makubaliano halali ya namna hiyo ni mkataba mpya, na akiuvunja una miaka 6 ya kudai kwa mkataba huo. Ila usithubutu kuandika kwamba malipo ni kwa ajili ya kufuta kesi ya jinai. Kuuza kesi ya kosa kubwa ni kosa la jinai lenyewe, na karatasi hiyo itakugeukia.

## Hatua ya 3: Angalia kama una sababu inayosogeza tarehe

Usiruke hatua hii, wala usiingie ukijipa moyo. Sababu zinazotambuliwa na sheria ni chache.

Ulikuwa mtoto. Kwa aliyekuwa chini ya miaka 18 siku ya tukio, muda unahesabiwa tangu alipotimiza 18. Binti aliyezaliwa 5 Agosti 2009 akatendewa ukatili akiwa na miaka 10 atatimiza 18 tarehe 5 Agosti 2027, na miaka yake mitatu itafika mpaka Agosti 2030. Mzazi au mlezi anaweza kufungua kesi kwa niaba yake kabla ya hapo, na kwa maoni yangu afanye hivyo. Ushahidi wa mwaka 2019 hautakuwa mzima mwaka 2030, na daktari aliyejaza PF3 atakuwa amehamishwa vituo vitatu.

Ulikuwa na ugonjwa wa akili siku haki ya kudai ilipozaliwa. Muda unaanza unapopona. Utahitaji uthibitisho wa daktari, maana maelezo ya ndugu peke yake hayatoshi.

Ulidanganywa au ukweli ulifichwa. Dai likijengwa juu ya udanganyifu wa mdaiwa, au yeye ndiye aliyeficha jambo, muda unaanza siku ulipogundua, au siku ambayo ungegundua kama ungekuwa makini. Nusu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo inayoangusha watu. Umeuziwa kiwanja Kigamboni kwa hati ya kughushi mwaka 2019, ukaenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi mwaka 2023 ukakuta jina la mtu mwingine. Mdaiwa atauliza: kwa nini hukufanya upekuzi siku ya kununua? Andaa jibu, na ulitafutie karatasi.

Mdaiwa alikuwa nje ya Tanzania. Siku alizokuwa nje ya nchi hazihesabiwi. Zithibitishe. Kusikia kwamba "alikimbilia Msumbiji" hakuthibitishi kitu.

Ulifungua kesi ya madai kwenye mahakama isiyo na mamlaka. Kama uliiendesha kwa nia njema na kwa bidii, muda ule unaweza kuondolewa kwenye hesabu. Soma tena maneno hayo: kesi *ya madai*. Muda uliotumika kwenye kesi ya jinai hauondolewi, na hapa ndipo mawakili wengi wa upande wa pili hushindia.

Madhara yanaendelea. Kitendo kinachojirudia kila siku, kama mtu aliyevamia na kuendelea kuzuia njia yako, huzaa muda mpya kadiri kinavyoendelea. Maumivu ya kidonda cha zamani si kitendo kinachoendelea.

Kama unayo mojawapo, ni lazima iandikwe tangu mwanzo ndani ya hati ya madai, karatasi inayofungua kesi yako. Kanuni za mwenendo wa madai, Amri ya VII, zinataka kesi iliyofunguliwa baada ya muda ieleze ndani yake sababu ya kusamehewa. Usingoje kuieleza kwa mdomo wakati wa kujibu pingamizi. Hutasikilizwa.

*Umefaulu* ukiwa na tarehe moja kwenye kalenda, na kama imesogea, karatasi inayothibitisha kwa nini.

## Hatua ya 4: Itumie kesi ya jinai, usiisubiri

Kesi ya jinai ina faida mbili kwako.

Ya kwanza ni amri ya fidia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaipa mahakama uwezo wa kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyeumia, pale inapoona kwamba angeweza kupata fidia ya maana kwa kesi ya madai. Kwenye ubakaji, Kanuni ya Adhabu inaitaka mahakama iamuru fidia pamoja na kifungo. Njia hii haina ada ya kufungua kesi wala hati ya madai.

Tatizo ni kwamba usipoiomba, mara nyingi haitajwi. Mwendesha mashtaka ana majalada mengi mezani. Basi muone kabla ya siku ya hukumu, umkabidhi bahasha yenye nakala za risiti na jumla iliyoandikwa vizuri, umwombe aiwasilishe mahakama inaposikiliza maombi kuhusu adhabu. Ukiitwa kutoa ushahidi, taja gharama zako. Kilichoingia kwenye mwenendo wa shauri hakimu anaweza kukitumia.

Ukipewa amri ya shilingi milioni 2 wakati hasara yako ni milioni 15, kesi ya madai bado ipo. Kilichokwisha kulipwa kitapunguzwa tu kwenye hesabu. Mtu asikwambie kwamba ukipokea ya jinai umefunga mlango.

Ya pili ni ushahidi. Sheria ya Ushahidi inaichukulia hukumu ya mwisho ya jinai, baada ya muda wa rufaa kupita au rufaa kuamuliwa, kuwa uthibitisho wa hatia ya aliyetiwa hatiani. Ukiwa na nakala iliyothibitishwa ya hukumu hiyo, huna haja ya kuanza kuthibitisha upya kwamba ni yeye aliyekukata. Kinachobaki ni kiasi.

Ndiyo maana watu husubiri, na nawaelewa. Lakini unaweza kupata vyote viwili: fungua kesi ya madai sasa, hukumu ya jinai itakukuta njiani. Mahakama ikiona vema, inaweza kuisimamisha kesi yako hadi ya jinai iishe. Ikisimamishwa hupotezi kitu, kwa sababu umekwisha kufungua ndani ya muda.

Tahadhari: mshtakiwa akiachiwa huru njia inakuwa ngumu, na upande wake utaitumia hukumu hiyo dhidi yako. Si lazima uwe mwisho, hasa pale dai lako linaposimama juu ya uzembe, kama ajali ya gari. Hapo sasa usiende bila wakili.

## Hatua ya 5: Kama unamdai mtumishi wa umma

Hapa hesabu inabana kweli. Kabla ya kuishtaki Serikali unatakiwa kutoa notisi ya siku 90, nakala ziende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya 2020, utaratibu huu unazigusa pia mamlaka za serikali za mitaa. Kesi yenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu huunganishwa.

Weka pamoja mwaka mmoja na siku 90 uone. Umejeruhiwa 10 Januari 2025. Mwisho wako ni 10 Januari 2026, Jumamosi. Ukitoa notisi 10 Oktoba 2025, siku 90 zinaisha 8 Januari. Imekubakia Ijumaa moja tu ya kufungua kesi.

Toa notisi ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Ipelekwe kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Notisi isiyo na muhuri ni sawa na ambayo haikuandikwa.

## Hatua ya 6: Chagua mahakama

Kesi hufunguliwa kwenye mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye uwezo wa kuisikiliza, mahali tukio lilipotokea au mdaiwa anapoishi. Kwa madai ya madhara yasiyo ya ardhi, Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi zinafika hadi shilingi milioni 200. Mahakama ya Mwanzo inaishia milioni 30, na kwa kuwa mamlaka yake katika madai yamebanwa kwenye sheria za kimila, za Kiislamu na madeni, usiikimbilie kwa dai la madhara kabla ya kuuliza.

Kosa la kawaida: mtu anaandika "nadai fidia ya jumla milioni 250" na kwenda nayo Mahakama Kuu. Fidia ya jumla hukadiriwa na mahakama yenyewe, haihesabiwi katika kupima mamlaka. Kinachohesabiwa ni fidia mahsusi, ile uliyoipigia hesabu kwa risiti. Milioni 4 za hospitali na milioni 6 za mapato yaliyopotea ni dai la milioni 10, hata kama moyoni unaona unastahili mia.

Kama uliumizwa na dereva aliyekuwa kazini, fikiria kumuunganisha mwajiri wake. Dereva hana kitu, mwenye basi anacho. Muda ni uleule. Na kama gari lina bima, ipe kampuni ya bima notisi ya maandishi kabla hujafungua kesi, ili baadaye isiseme haikujua.

Mwathirika akiwa amefariki, anayeshtaki kwa niaba ya mali yake ni msimamizi wa mirathi. Anzeni mirathi mara baada ya maziko. Familia zinazongoja arobaini, kisha mwaka, kisha kikao cha ukoo, hukuta nusu ya muda imekwenda kabla hata hajapatikana mtu mwenye haki ya kusaini.

## Hatua ya 7: Andika na kufungua hati ya madai

Hati haihitaji ufasaha wa kutisha. Inahitaji:

1. Jina la mahakama, majina na anwani za mdai na mdaiwa.
2. Kilichotokea, aya fupifupi zenye namba. Tarehe ya tukio iwe wazi kabisa. Wengine huificha wakidhani hakimu hataiona. Hati isiyosema haki ya kudai ilizaliwa lini ina kasoro yenyewe.
3. Kesi ya jinai na ilipofikia, kwa sentensi moja.
4. Sababu ya kusamehewa muda, kama ipo (hatua ya 3).
5. Fidia mahsusi kwa mchanganuo, kisha ombi la fidia ya jumla, riba na gharama.
6. Sahihi, uhakiki na viambatisho.

Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, hivyo usimwachie mtu akuandikie kitu usichoweza kukisoma.

Huna fedha ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na vituo vya mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC), Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake (WLAC) hupokea watu wa namna hii. Ada ya mahakama ikikushinda, uliza ofisi ya karani utaratibu wa kuomba msamaha. Barua ya serikali ya mtaa au kijiji kuhusu hali yako itasaidia.

Kufungua siku hizi ni kwa mfumo wa mahakama wa mtandaoni. Ukishapakia hati, utapewa namba ya malipo. Lipa siku hiyohiyo. Kumekuwa na mabishano kama kesi imefunguliwa siku ya kupakia au siku ya kulipa ada, na hutaki kesi yako iwe ndiyo ya kulimaliza bishano hilo. Chapisha risiti yenye tarehe, piga picha ya ukurasa wenye namba ya kesi, vitunze mahali pawili.

*Umefaulu* ukiwa na vitu vitatu: namba ya kesi, risiti yenye tarehe iliyo kabla ya duara lako jekundu, na hati ya wito ya kumpelekea mdaiwa. Ukipata hukumu, una miaka 12 ya kuomba utekelezaji wake. Mkosaji asiye na kitu leo anaweza kurithi shamba kesho.

## Kama muda umeshapita

Watu wengi hapa hukimbilia mahakamani na maombi ya kuongezewa muda. Hayo hutupwa. Kifungu cha 14 kinairuhusu mahakama kuongeza muda wa *rufaa* na *maombi*. Muda wa kufungua kesi mpya hauwezi kuuongeza, hata hakimu akikuonea huruma.

Mwenye uwezo huo ni Waziri mwenye dhamana ya sheria, kwa kifungu cha 44. Baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, akiona ni haki kufanya hivyo, anaweza kuongeza muda usiozidi nusu ya ule wa awali. Kwa dai la miaka 3, nyongeza ya juu kabisa ni miezi 18. Kwa la mwaka 1, ni miezi sita.

Andika barua kwa Waziri wa Katiba na Sheria. Eleza tukio, tarehe ya mwisho ilikuwa lini, na nini hasa kilikuzuia, kipindi kwa kipindi: ulilazwa wapi na lini, kesi ya jinai ilitajwa lini mpaka lini. Ambatisha PF3, vyeti vya hospitali, hukumu ya jinai na rasimu ya hati ya madai. Omba idadi kamili ya miezi. "Niongezewe muda" haimwambii Waziri kitu.

Fanya haraka, kwa sababu miezi hiyo 18 inahesabiwa tangu muda wa awali ulipoisha. Siku barua yako inazolala mezani zinaliwa humohumo. Neema wa mfano wetu, muda wake uliisha 14 Machi 2025, hivyo hata Waziri angempa yote, mwisho wake ungekuwa 14 Septemba 2026. Amri ikitoka, fungua kesi wiki hiyohiyo, nakala ya amri ikiwa kiambatisho cha kwanza, na itajwe ndani ya hati ya madai kwenye aya ya sababu ya kusamehewa muda.